Kuchagua bunduki ya marisau ya mitutu miwili kwa bajeti ndogo

Fedha ndogo iende kwenye chuma, isiende kwenye nakshi. Bunduki mpya iliyochorwa kware na maua kwa bei ya chini imepunguziwa kitu mahali usipopaona, na mara nyingi ni kwenye kufuli au kifyatulio. Kibali cha silaha na leseni ya kuwinda vitangulie. Bila hivyo hakuna cha kuchagua.

Kwa kware, njiwa na kanga, namba 12 (namba ni kipimo cha upana wa mtutu) inatosha kabisa, nayo risasi zake hupatikana kirahisi kuliko za namba nyingine. Namba 20 ni nyepesi, inafaa kwa anayetembea siku nzima. Uzito wa kilo 3 hadi 3.2 kwa namba 12 ni mzuri. Chini ya hapo bega litaumia.

Za Kirusi kutoka Izhevsk, MP-43 yenye mitutu ya ubavu kwa ubavu na MP-27 yenye mtutu juu ya mwenzake, ni nzito na mbao zake hazina urembo, ila chuma chake ni cha kuaminika. Za Huğlu, Uturuki, hupendeza mkononi, lakini kagua kila moja peke yake. Za Eibar, Hispania, zilizotumika ndizo ninazozipenda kuliko zote kwa bei hii, kwa sharti moja: pima urefu wa chemba, sehemu ya mtutu inapokaa risasi. Za zamani nyingi zina chemba ya milimita 65. Risasi ya milimita 70 huingia humo bila shida, kwa kuwa urefu huo ni wa ganda likishafyatuliwa. Ikilipuka, mdomo wa ganda hufunguka ndani ya sehemu nyembamba na msukumo unapanda kupita kiasi. Soma mihuri iliyogongwa chini ya mitutu, usitegemee maneno ya muuzaji.

Chagua vifyatulio viwili. Kifyatulio kimoja cha bei rahisi ndicho huharibika kwanza: mtutu wa pili unakataa, au yote miwili inalipuka pamoja. Kitoa ganda cha kawaida, kinacholiinua tu ulichomoe kwa vidole, kina vipande vichache vya kuvunjika kuliko kinachorusha.

Ukaguzi uanze kwa kufungua na kuhakikisha chemba zote mbili ni tupu. Kisha ondoa ubao wa mbele, funga bunduki, shika kitako na utikise mitutu. Ubao huo una springi inayobana, kwa hiyo ulegevu huonekana ukishautoa tu. Ikicheza, au ukiona mwanga kati ya mitutu na bamba la nyuma, achana nayo. Tazama wenzo wa kufungulia: kwenye bunduki nzima huishia katikati au kulia kidogo, uliovuka kushoto umeonyesha kufuli imelika.

Chomoa mitutu, ining'inize kwa kidole, igonge kwa penseli. Ikilia kama kengele, ubavu (ukanda wa chuma unaounganisha mitutu) umeshikamana; sauti butu ni dalili ya kuachia. Chungulia ndani ukielekea dirishani: vivuli viwe miduara mikamilifu, kwani kivuli kilichopinda ni kibonyeo.

Weka katriji bandia, funga kizuizi cha usalama, vuta vifyatulio, viachie, kisha fungua kizuizi hicho. Nyundo ikianguka hapo, usinunue.

Mwisho kabisa omba kuijaribu kwenye karatasi kabla ya kulipa yote. Kutoka mita 15, kitovu cha marisau ya mtutu wa kulia na wa kushoto kiangukie mahali pamoja. Kutoka mita 36, ndani ya duara la sentimita 76, mtutu uliobanwa nusu mdomoni (choki) uingize takriban asilimia 60 ya marisau. Mitutu ikipiga mbalimbali, irudishe siku hiyohiyo, maana kuilehemu upya kwaweza kuzidi bei uliyoinunulia.