Somo: Kuiga saketi ya pedali ya gitaa kwa LTspice, gitaa lenyewe likiwemo

Pedali yangu ya kwanza ilikuwa safi kabisa kwenye kompyuta. Nikanunua vifaa, nikachomelea, nikachomeka gitaa: noti za juu zimefifia, kama mtu anaimba amejifunika blanketi. Kwa anayepiga solo la dansi huko juu kwenye shingo ya gitaa, hiyo ni hasara kubwa. Saketi haikuwa na kosa. Kosa langu ni kwamba gitaa sikuliweka kwenye mchoro. Basi leo tuliweke.

Tutatumia saketi ya LPB-1 ya Electro-Harmonix, pedali ya kuongeza nguvu iliyotoka New York mwishoni mwa miaka ya 1960. Ina transista moja tu, kwa hiyo kila kitu kinaonekana.

Hatua ya 1: Programu. Pakua LTspice, programu ya kuchora saketi na kuijaribu kwenye kompyuta, kutoka tovuti ya Analog Devices. Ni ya bure, kwa Windows na Mac.

Hatua ya 2: Mchoro. Bonyeza R upate rezista, C upate kapasita, G upate ethi (sifuri ya volti ya saketi). Bila ethi programu haitakokotoa chochote. Weka transista ya NPN (miguu yake mitatu ni beisi, kolekta na emita), ichague iwe 2N3904, kisha:
- betri ya volti 9;
- rezista ya 430k kutoka chanya ya betri hadi beisi, na 43k kutoka beisi hadi ethi;
- 10k kutoka chanya hadi kolekta, na omu 390 kutoka emita hadi ethi;
- kapasita ya 0.1u kwenye beisi, hapo ndipo sauti inaingia;
- kapasita nyingine ya 0.1u kutoka kolekta hadi rezista ya 100k inayoshuka ethi. Hiyo 100k ni kitufe cha voliumu kikiwa kimefunguliwa chote. Pale kapasita inapokutana na 100k pape jina `out`.

Hatua ya 3: Pima volti kwanza. Andika `.op` na uendeshe. Beisi isome chini kidogo ya volti 0.8, na kolekta iwe volti 5 na kitu. Ukikuta kolekta ina 9 kamili au karibu na sifuri, rudi ukakague waya. Usiendelee.

Hatua ya 4: Ingiza wimbi. Kwenye ingizo weka chanzo cha `SINE(0 0.05 440)`, na amri `.tran 20m`. Bofya `out`: wimbi limekua karibu mara 20. Sasa badilisha 0.05 iwe 0.3 na utazame kwa makini. Wimbi linakatwa upande mmoja kabla ya mwingine, kwa sababu kolekta imekaa karibu zaidi na volti 9 kuliko na sifuri. Mkato huo usiolingana ndio unaozaa ule mkwaruzo.

Hatua ya 5: Weka gitaa. Hapa ndipo penye somo. Chanzo cha kompyuta hakilemewi na chochote, lakini pikapu, kile kinachonasa mtikisiko wa nyuzi za gitaa, ni waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Kwa hiyo kati ya chanzo na pedali panga koili ya 2.5 (henri) ikifuatiwa na rezista ya 7k. Baada yake shusha ethi rezista ya 250k, ambayo ni voliumu ya gitaa, na kapasita ya 500p, ambayo ni kebo yako. Namba hizi ni za kadiri tu kwa pikapu ya koili moja.

Chanzo kipe `AC 1`, futa `.tran`, andika `.ac dec 100 20 20k`, yaani pima kuanzia 20 Hz hadi 20 kHz, kisha bofya `out`. Mstari unaanza kuteremka baada ya 1 kHz hivi, na ukifika 5 kHz sauti iliyobaki haifiki nusu. Sasa tenganisha pedali na upime gitaa peke yake: kwenye 4.5 kHz hivi kuna kilele. Mng'ao wa gitaa lako uko kwenye kilele hicho, na pedali hii, ambayo ingizo lake ni kama 30k tu, imekibana. Nilipouona mstari ule kwa mara ya kwanza, blanketi nililolisikia likapata maelezo.

Hatua ya 6: Sikiliza. Rekodi gitaa kavu kwenye faili la WAV, uliweke folda moja na mchoro. Kwenye chanzo andika `wavefile=gitaa.wav`, rudisha `.tran 5`, ongeza `.wave "matokeo.wav" 16 44100 V(out)`.

## Maswali ya wanachama

Faili langu la sauti linakwaruza hata nikipiga polepole. Kwa nini?
Faili la WAV linabeba volti 1 tu kila upande, na zaidi ya hapo linakatwa. Weka chanzo cha aina ya B (kinachofuata kanuni unayoiandika) chenye `V=V(out)/10`, urekodi pale kwake.

Kaka, nimeongeza rezista ya 1M kwenye ingizo kama nilivyoona kwenye michoro mingine. Sauti imekufa kabisa.
Pole, hii imetunasa wengi. LTspice haitofautishi herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo 1M inaisoma kama sehemu moja ya elfu ya omu, na sauti yote imeenda ethi. Andika `1Meg`.

Shikamoo fundi. Sina kompyuta, nina simu tu.
Marahaba. Jaribu kifaa cha Paul Falstad kinachofanya kazi ndani ya kivinjari. Vidoti vinavyokimbia kwenye waya vitakuonyesha umeme unakopita. Hatua ya 2 hadi ya 4 zinawezekana humo.

Nikiijenga, volti zitakuwa hizi hizi?
Zitakaribia. Transista mbili za 2N3904 hazilingani ukuzaji, hata zikitoka pakiti moja. Ukishachomelea, pima kolekta kwa mita. Ikiwa kati ya 4 na 6, chomeka gitaa.

Na zile noti za juu tunazirudishaje?
Kati ya gitaa na LPB-1 tanguliza JFET (aina ya transista isiyolemea gitaa), kwa mfano 2N5457, sauti ikitokea kwenye sosi, na geti iwe na rezista ya `1Meg` kwenda ethi. Au panga hapo hapo pedali ya Boss, maana nyingi zina bafa ndani (saketi inayozuia gitaa lisilemewe) hata zikiwa zimezimwa. Kisha rudia `.ac` na uangalie kama kilele cha 4.5 kHz kimerudi.