Namna ya Kuchunguza Historia ya Mafuriko Kabla ya Kununua Kiwanja Kisumu

Hati miliki hueleza mwenye kiwanja, ukubwa wake na madeni yaliyowekwa juu yake, lakini haisemi lolote kuhusu maji. Ndiyo maana mtu anayenunua ploti Nyamasaria, Nyalenda au pande za Ahero anaweza kumaliza uchunguzi wote wa afisi ya ardhi bila kukuta doa, kisha mvua za masika zikamwonyesha kwamba sebule yake imejengwa juu ya njia ya mto. Historia ya mafuriko hutafutwa kwingine, na hutafutwa kabla ya kulipa arubuni.

Anza kwa kutambua maji yanayotishia mahali hapo hutoka wapi, kwa sababu Kisumu ina maji ya namna mbili. Mito ya Nyando na Kibos huteremka kutoka nyanda za juu za upande wa Nandi, na Nyando hukusanya pia maji ya Kericho. Ikifika uwanda wa Kano, ulio tambarare mno, mwendo wake hulegea, tope hutua chini, na maji yaliyozidi huvuka kingo. Mafuriko haya huja kwa ghafla, hata siku ambayo mjini kumekauka, maana mvua imenyesha mlimani. Maji ya ziwa hupanda polepole na hukaa kwa miezi. Mvua za mwaka 1961 zilianzisha kupanda kwa Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964, na mnamo Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likaipita kidogo rekodi hiyo ya 1964. Ziwa likiwa juu hivyo, mto hukosa pa kumwagia na maji yake hurudi nyuma mitaani, kwa hiyo kiwanja kilicho karibu na mdomo wa mto kina wageni wawili wa kuogopa.

Hatua inayofuata ni kutembea kwa miguu, bila dalali. Tazama kuta za nyumba za zamani kwenye mtaa huo: mstari wa tope uliokauka, lipu iliyobanduka hadi kimo kimoja nyumba baada ya nyumba, rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu ya ukuta. Tazama vizingiti vilivyoinuliwa kwa matofali, vyoo vilivyojengwa juu ya jukwaa, magunia ya mchanga yaliyosahaulika nyuma ya duka. Angalia pia mimea, kwa kuwa matete na mafunjo hayaoti pakavu. Ukimpata fundi aliyechimba choo au kisima jirani, muulize alikutana na nini chini. Tabaka la mchanga wa mto lililolala kati ya udongo mweusi ni ushahidi kwamba mto uliwahi kupita au kufurika hapo, hata kama leo uko mbali na hakuna aliye hai aliyeuona.

Baadaye ndipo uwaulize watu, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kuuliza swali la ndiyo au la. Muuzaji akiulizwa kama mahali hufurika atajibu kwamba maji hupita tu. Waulize wapangaji wa muda mrefu, mama anayeuza samaki kando ya barabara, mzee wa mtaa, mwalimu wa shule ya karibu ambayo huenda ilipokea waliohamishwa. Usimdai mzee akutajie mwaka. Mpe tukio la kushikilia. Je, maji yalifika hapa wakati wa mvua zilizotangulia Uhuru? Wakati wa El Niño ya 1997? Mwaka wa korona? Mvua za masika za 2024? Kisha uliza mambo manne kwa kila tukio: yalifika kimo gani, kwenye goti au dirishani, yalikaa saa ngapi au siku ngapi, yalitokea upande gani, na yalikuwa ya rangi gani. Maji mekundu yenye tope na magogo ni ya mto, na yaliyotulia yakiwa na gugu maji yamepanda kutoka ziwani. Mashahidi watatu wasiojuana wakikuonyesha kimo kilekile, weka alama hapo na upime kwa futi kutoka sakafuni.

Sasa nenda kwenye kumbukumbu zilizoandikwa. Mamlaka ya Rasilimali za Maji husoma vipimo vya kina cha maji kwenye mito mikubwa, kama kituo cha Rwambwa kwenye Mto Nzoia, upande wa juu wa mto kabla ya Budalang'i katika kaunti ya Busia, ambako kuta za kuzuia mto zimebomoka zaidi ya mara moja na kuzamisha vijiji vilivyokuwa vikizitegemea. Omba kimo cha juu kabisa cha kila mwaka, si wastani. Wastani wa mto haujawahi kubomoa nyumba. Ramani za Idara ya Upimaji za kipimo cha 1:50,000 zitakuonyesha vinamasi vilivyokuwepo kabla ya mtaa, ingawa mistari yake ya mwinuko, ambayo mara nyingi hupishana kwa mita 20, haina msaada mkubwa kwenye uwanda kama Kano. Picha za zamani za setilaiti katika Google Earth hufidia upungufu huo, hasa zilizopigwa baada ya Mei.

Ukiambiwa kwamba eneo hupata mafuriko ya "miaka 100", usifikiri kwamba yakishapita umesalimika kwa karne moja. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na kwa nyumba utakayoishi miaka 30 uwezekano huo unafika karibu asilimia 26. Mafuriko ya "miaka 20" yana uwezekano wa karibu asilimia 79 katika muda huohuo.

Hesabu hiyo nayo hudhani kwamba mji haubadiliki, na Kisumu inabadilika. Kila paa la mabati na kila kipande cha lami hupeleka mtoni maji ambayo zamani yalizama ardhini, na kijito kama Auji, kinachopita Manyatta na Nyalenda, kikibanwa na kuta na taka huvimba kwa mvua ambayo zamani kingeibeba. Miji mingine imejifunza haya kwa gharama. Huko Mumbai, tarehe 26 Julai 2005, zilinyesha milimita 944 kwa siku moja, na Mto Mithi uliokuwa umebanwa na majengo ukashindwa kuzipitisha. Huko Florence, Italia, wenyeji wamebandika vibao ukutani kuonyesha maji ya Mto Arno yalipofika. Kibao cha Novemba 1966 kiko juu kuliko cha 1333, licha ya zaidi ya miaka 600 ya kuamini kwamba cha kale ndicho kikomo. Kwa hiyo kimo ulichoonyeshwa na mashahidi wako ni kiwango cha chini cha kujihadhari nacho.

Kwa Nakuru, utaratibu ni uleule, ila ziwa lake halina mdomo wa kutokea. Maji yaliyopanda kwa zaidi ya mwongo mmoja yamezamisha lango kuu la zamani la hifadhi ya wanyama na kuwahamisha watu kutoka mtaa wa Mwariki, kwa hiyo huko uliza zaidi kuhusu mwambao wa ziwa na makorongo yanayoteremka kutoka mlima wa Menengai.

Kumbuka pia kwamba kanuni huweka ukanda wa hifadhi wa kati ya mita 6 na 30 kando ya mto, kulingana na upana wake. Ukanda huo hulinda kingo. Kwenye uwanda wa Kano maji huenea mbali sana kupita mita 30, na hati iliyo nje ya ukanda haithibitishi kwamba ni pakavu. Kama maji ya mto yalipita kwa saa chache na hayakuvuka goti, unaweza kujenga, mradi sakafu iinuliwe juu ya alama yako kwa angalau nusu mita na mtaro wa jirani usizibwe na kifusi chako. Kama yalikaa wiki nzima, au ni ya ziwa, tafuta kiwanja kingine, hata kama bei imepunguzwa kwa nusu.