Namna ya Kuandaa Onyesho la Sanaa kwa Kupiga Deki Ngazi za Umma

Kabla ya kubeba ndoo, soma kisa cha msanii wa Marekani Mierle Laderman Ukeles, ambaye Julai 1973 alizipiga deki ngazi za jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum mjini Hartford, na kila mgeni alipoacha nyayo juu ya sehemu iliyokwisha kuoshwa, yeye alirudi kuiosha upya, kwa muda wa saa kadhaa. Hakuigiza kufanya usafi, alisafisha kweli. Onyesho lako nalo lisimame juu ya msingi huo, kwa maana mtazamaji hutambua upesi tambara linalopapasa tu.

Andika kwanza agizo fupi litakaloongoza kazi nzima. Msanii Alison Knowles, katika onyesho lake mjini London mwaka 1962, alitosheka na agizo la kutengeneza saladi. Lako linaweza kuwa hili: osha ngazi, na kila unyayo utakaotokea uufute kabla ya kuendelea. Mchezo wote umo humo, kwa kuwa watoto wakishagundua kanuni hiyo wataanza kukanyaga kwa makusudi, na watu wazima, ambao mwanzoni walipita pembeni kwa adabu, watawafuata. Usiwakemee wala usiwachekee; futa tu. Muziki wa spika sioni unasaidia nini hapa, na mavazi ya jukwaani ndiyo kabisa: vaa unachovaa ukifanya usafi nyumbani.

Ruhusa ya mwenye jengo ni ya lazima, lakini mtu wa kuzungumza naye kabla ya wote ni yule anayezisafisha ngazi hizo kila siku kwa ujira, ambaye anaweza kuona kwamba unaifanyia mzaha kazi yake. Mweleze nia yako, muulize ngazi zinaanziwa wapi, na akipenda mshirikishe kwa malipo. Ukeles alilichukulia jambo hili kwa uzito: kati ya mwaka 1979 na 1980 alizunguka New York akiwapa mkono wafanyakazi wa usafi wa jiji wapatao 8,500, huku akimshukuru kila mmoja.

Chagua saruji au jiwe lisilo na vigae, kwa sababu vigae vyenye maji huteleza. Anza asubuhi, kwani jua la mchana hukausha ngazi haraka na nyayo hazionekani vizuri. Osha kuanzia ngazi ya juu ukishuka, kwa sabuni kidogo sana, na upande mmoja uuache mkavu kwa ajili ya wazee na wenye mizigo. Ndoo ziwe mbili, ya maji safi na ya kukamulia, pamoja na msaidizi wa kuzibadilisha, maana wewe ukiondoka kwenda bombani onyesho linakatika. Tangaza mapema saa ya kumaliza, na ikifika acha, hata kama ngazi zimejaa nyayo.