Amezima kwa pombe? Usimwache alale tu

Mwenzako akilewa mpaka ukimtikisa haamki, achana na ile kauli ya "mwacheni alale, itamtoka." Haitoki haraka hivyo. Pombe iliyobaki tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya glasi kuwekwa chini, kwa hiyo anaweza kuzidiwa akiwa usingizini. Ini nalo lina mwendo wake: huondoa takriban miligramu 15 za pombe kwa kila mililita 100 za damu kwa saa, na hakuna kahawa kali wala ndoo ya maji baridi itakayoliharakisha. Supu ndiyo usithubutu, itampalia.

Kiwango cha pombe kikifika miligramu 300 hadi 400 kwa kila mililita hizo 100 za damu, sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi hulegea. Koo nalo husahau kujikinga. Akitapika akiwa chali, matapishi huingia kwenye njia ya hewa. Mwili hupoa, sukari hushuka.

Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, mdomo uelekee chini, mfunike, na usiondoke. Hesabu pumzi zake. Zikiwa chini ya 8 kwa dakika, zikikatika zaidi ya sekunde 10, midomo ikigeuka bluu, au bado haamki, ni hospitali, hata kama ni saa nane usiku. Bodaboda haifai, tafuta gari. Usimtapishe.

Na kama alikunywa gongo au chang'aa, akalalamika haoni vizuri, mwambie daktari mapema: huenda ni methanoli, aina ya pombe yenye sumu, na ina matibabu yake.