Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupima Fahamu za Mgonjwa, Hasa Akiwa Mzee

Nawa mikono, jitambulishe, mwite mgonjwa kwa jina alilolizoea. Hakikisha tochi inawaka vizuri kabla hujafika kitandani, maana betri ikiwa imechoka utaandika kwamba mboni hazisinyai kumbe zinasinyaa. Haya kila muuguzi anayajua.

Sukari ya damu ipime mapema. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, na ikishuka zaidi anaweza kulegea upande mmoja ukadhani ni kiharusi. Pima oksijeni, joto, presha na mapigo. Kisha soma karatasi ya dawa: amepewa nini cha usingizi au cha maumivu, na saa ngapi? Mofini husinyaza mboni, atropini huzipanua.

Kwa mzee, uliza habari za macho. Mboni za wazee mara nyingi ni ndogo na husinyaa polepole, na aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho anaweza kubaki na mboni isiyo duara. Yaandike siku ya kwanza. Usipoandika, mwenzako wa usiku atamwamsha daktari bure, au, vibaya zaidi, wodi nzima itazoea kwamba "macho yake ndivyo yalivyo" na hakuna atakayeshtuka siku yatakapobadilika kweli.

Halafu masikio. Kabla hujauliza swali lolote, tafuta miwani, meno bandia na kifaa cha kusikia, uhakikishe vimevaliwa. Hapa sina mzaha, na sababu ninayo.

Nilikuwapo wodini alipoletwa mzee mmoja na binti yake. Wiki chache nyuma alikuwa ameteleza bafuni, akajigonga kichwa kidogo tu, na alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Jioni alipimwa: macho wazi, anafuata maagizo, ila majibu hayaendani na maswali. Anaulizwa huu ni mwezi gani, anaeleza habari za mguu wake. Fomu ya kipimo cha Glasgow, kinachopima fahamu kwa alama za macho, maneno na mwendo wa viungo, jumla 15, ikaandikwa 14, na pembeni neno moja: "umri". Usiku binti akakuta kifaa cha kusikia ndani ya droo, kimeviringishwa kwenye tishu, akamvalisha. Muuguzi wa zamu alipouliza maswali yaleyale, mzee akayajibu yote: jina, mahali, mwezi, mwaka. Lakini sasa ilibidi aitwe ndipo afumbue macho, na alikuwa akiyafumba tena kabla swali la pili halijaisha. Ikajumlishwa, ikatoka 14. Fomu ikaandikwa: hakuna mabadiliko.

Hesabu ilikuwa sahihi. Jioni ilikuwa macho 4, maneno 4, viungo 6. Usiku macho 3, maneno 5, viungo 6. Alama iliyokosekana jioni ilikuwa ya masikio. Iliyokosekana usiku ilikuwa ya ubongo. Fomu ilibeba jumla peke yake, kwa hiyo mtu anazama na karatasi inasema yuko palepale. Binti alisema zaidi ya mara moja, "Baba hasinzii hivi, hata usiku wa manane ukimwamsha anaamka mzima." Akajibiwa, "Dada, mzee amechoka, mwache apumzike." Alfajiri mkono wa kulia ulikuwa hauinuki na mboni ya kushoto imepanuka. Picha ya CT ikaonyesha damu imekusanyika kati ya fuvu na ubongo upande wa kushoto. Alifanyiwa upasuaji akapona, lakini mkono ule haukurudisha nguvu zake zote.

Kwa wazee jambo hili lina maelezo yake. Ubongo husinyaa kadiri umri unavyokwenda, vena ndogo zinazouunganisha na utando wa nje zinavutika, na kishindo kidogo kinatosha kuzichana. Damu huvuja polepole, nafasi ya kujaa ipo, kwa hiyo dalili zinaweza kuchelewa siku nyingi au hata wiki. Kwa hiyo usiulize tu kama ameanguka leo. Uliza miezi hii yote.

Basi andika alama tatu, kila moja mahali pake. Madaktari Teasdale na Jennett walipokitoa kipimo hiki cha Glasgow mwaka 1974, kila sehemu ilisomwa peke yake. Jumla ilikuja baadaye. Mnapokabidhiana zamu, mpimeni mgonjwa pamoja, wote wawili mkiwa kitandani, ili mkubaliane "anasinzia" maana yake nini kwa mgonjwa huyu. Aliyelala usingizi wa kawaida, ukimwamsha anabaki macho mkiongea. Anayezama tena ukiwa katikati ya sentensi, huo si usingizi wa kawaida. Mwite daktari.

Ndugu aliyemleta muulize jana alikuwaje, na juzi. Anajivalisha mwenyewe? Anajua hela zake? Kusahau kulikokuja kwa miaka ni jambo moja, kuchanganyikiwa kulikoanza juzi ni jambo jingine, hata kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa kusahau. Na si kila aliyechanganyikiwa hupiga kelele. Wengine hunyamaza, hawasumbui mtu, na ndio wanaopitwa. Mwambie ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Akipotea njiani, tafuta homa, kibofu kilichojaa, choo kilichofunga, upungufu wa maji, dawa mpya. Ukishuku kiharusi, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, si saa aliyokutwa ameanguka.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Udhaifu wa kiharusi cha zamani uandikwe usije ukahesabiwa kuwa mpya. Ukilazimika kutumia maumivu kumwamsha, minya msuli wa bega, usimsugue kifua mpaka ngozi ichubuke. Presha kupanda huku mapigo yakishuka na pumzi zikivurugika ni dalili ya mwisho mwisho, usiingoje ndipo upige simu. Usimsimamishe peke yako kuangalia anavyotembea. Na maji ya kunywa asipewe mpaka uwezo wake wa kumeza uangaliwe, hata ndugu wakisisitiza kwamba ana kiu.