Pima pensheni yako kama unavyompima mpiga gongo

Mwezi wa 7 mwaka 2021 shemeji yangu, mtumishi wa jimbo la California, alinipigia simu kutoka Sacramento. Mfuko wake wa pensheni, CalPERS, ulikuwa umetangaza faida ya asilimia 21.3 kwa mwaka. "Shemeji, tumeula!" Mimi nilikuwa kibarazani huku Chicago, redio iko kwenye mechi ya Cubs, timu yetu ya besiboli. Nikamwambia chukua kalamu, kwanza tuzungumze besiboli.

Mpiga gongo akijaribu mara 30 akafanikiwa mara 10, wastani wake ni 10 gawanya kwa 30, yaani .333. Huyo ni nyota. Sasa mnyang'anye mipira miwili tu, ile iliyogonga nyasi ikampita mdakaji kwa bahati. Zimebaki 8 kwa 30: .267, mchezaji wa kawaida. Fanya hivyo hivyo kwa aliyejaribu mara 600 akapata 200: anatoka .333 kwenda .330, na hutaona tofauti. Kwa hiyo ukisikia fulani "yuko moto", uliza kwanza kajaribu mara ngapi. (Mimi mwenyewe sikuuliza mwaka 2025. Pete Crow-Armstrong wa Cubs alipiga mipira 25 nje ya uzio kabla ya mapumziko ya katikati ya msimu, Julai, nikanunua jezi. Baada ya hapo alipiga 6.)

Sasa fungua taarifa ya mfuko wako. Faida ya mwaka huu iruke, hata ikiwa imeandikwa kwa herufi nene: mwaka mmoja ni kama yule wa majaribio 30, bahati kidogo inambadilisha. Tafuta kiwango cha faida ambacho mfuko unadhani utapata kila mwaka kwa miaka mingi. Ndicho wanachopigia hesabu ya ahadi walizokupa. CalPERS walikuwa na asilimia 7, na mwaka ule mnono ukawafanya washuke hadi 6.8, yaani wasitegemee sana faida ya soko. Hapo walifanya vizuri: mvua imenyesha, wakaongeza tahadhari. Mwaka 1999 jimbo hilohilo lilifanya kinyume. Hisa zilikuwa juu, sheria ikapandisha mafao ya watumishi, na muda si mrefu soko likaanguka. Mwaka 2013 wakaanza kuwapunguzia waajiriwa wapya, ambao hawakuonja ule mnono.

Kisha angalia kama mwajiri anaweka fungu lake lote. Hapa kwetu Illinois, jimbo lenye Chicago, sheria ya 1994 iliruhusu jimbo lianze na malipo madogo yapande polepole, lengo likiwa mifuko iwe na fedha za kutosha asilimia 90 ya ahadi zake ifikapo 2045. Ukiniuliza pa kuanzia kurekebisha pensheni za umma, ni hapo: lipa kinachodaiwa mwaka huu, mwaka huu. Hizo habari za kutafuta hisa zenye faida kubwa zaidi zije baadaye.

Julai 2022 shemeji alipiga tena, sauti chini. Mfuko umetangaza hasara ya asilimia 6.1. Tukapiga hesabu simuni: dola 100 zikawa 121.30, kisha 113.90. Zingekua kwa 6.8 kila mwaka, zingefika 114.06. Shangwe zote zile na huzuni yote ile, tumekosa senti 16.

"Na hizo senti 16 anazilipa nani?"

Pengo humwangukia mwajiri, nikamjibu, na mwajiri wako ni jimbo. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka: mwezi wa 4 alikuwa ametoka kulipa kodi.