Kupunguza karatasi na wino ofisini, Lamu

Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500 na uzito wa kama kilo 2.5. Kisiwani huvushwa kwa boti, kisha hubebwa na punda au mkokoteni. Kila karatasi inayoharibika ni mzigo uliobebwa bure.

Kwenye mipangilio ya printa, fanya kuchapa pande mbili kuwe ndiyo kawaida, na rangi izimwe. Usimwachie kila mtu akumbuke, hakumbuki mtu.

Adui mkubwa hapa ni unyevu. Karatasi zilizoachwa wazi hunywa hewa ya bahari, zikajikunja kingo, zikaingia mbili mbili na kukwama, hasa unapochapwa upande wa pili. Toa za siku tu, 50 hivi. Zilizobaki zifunge kwenye ndoo yenye mfuniko, rafuni, si sakafuni. Kabla ya kuzipakia zipepete kama karata.

Tona, yaani wino wa unga wa printa ya leza, ikififia, usikimbilie dukani. Toa katriji, lile kasha la tona, itikise taratibu kushoto na kulia mara tano au sita, irudishe. Kurasa kadhaa bado zimo. Unga ukimwagika, futa kwa kitambaa chenye maji baridi, maana ya moto huugandisha. Katriji kuukuu usiichome.

Printa ya wino wa maji izime kwa kitufe chake, si swichi ya ukutani, ili kichwa chake kinachotoa wino kifunikwe. Kikikauka, kila usafishaji hula wino.

Karatasi zilizochapwa upande mmoja zikate vipande vinne, uzibane ziwe daftari la kuandikia. Ila zenye namba za vitambulisho vya watu usizifanye daftari, zichanechane.